Maswali ya Wasomaji: Saa ya Ufunguo Juu ya Baiskeli

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa aina moja: wanakwenda kazini au sokoni kwa baiskeli, na mkononi wamevaa saa ya kutia ufunguo waliyorithi au waliyoinunua kwa fundi. Zilizouliza jambo lilelile tumezijibu kwa pamoja.

Nimerithi kwa marehemu baba saa ya ufunguo ya miaka ya 1960. Usoni imeandikwa vito 17 na neno Incabloc. Naendesha baiskeli kilomita saba kwenda kazini na saba kurudi, nusu lami, nusu vumbi lenye mawimbi. Rafiki yangu anasema mtikisiko utaiua. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

Mungu amrehemu mzee. Rafiki yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila amemkamata mtu siye.

Moyo wa saa hiyo ni balansi, gurudumu dogo linalocheza huku na huku. Katika saa nyingi za miaka hiyo linapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Limekaa kwenye ekseli ya chuma ambayo ncha zake zina unene wa karibu milimita 0.1, sawa na unywele, na kila ncha imeingia kwenye tundu la kito cha rubi (kimoja cha vile vito 17). Ncha hizo ndizo zinazovunjika, na zinavunjwa na pigo moja kali la ghafla: saa imegonga fremu ya mlango, imeanguka sakafuni, au mwenyewe amekwenda chini na mkono ukatangulia. Mawimbi ya barabara ya vumbi hayana nguvu hiyo. Kabla hayajaifikia saa yanapita kwenye tairi, uma, usukani, mpira wa kushikia, nyama ya kiganja na mkono wenyewe, na kila kimoja kinakula sehemu yake.

Incabloc ni jina la kinga ya mapigo iliyobuniwa La Chaux-de-Fonds, Uswisi, katika miaka ya 1930. Vito vya balansi, cha juu na cha chini, havikukazwa moja kwa moja; vinashikiliwa na springi ndogo yenye umbo la kinubi. Pigo likija, kito kinasogea kidogo pamoja na ekseli mpaka sehemu nene ya ekseli iegemee chuma na kubeba mzigo badala ya ncha. Kisha springi inarudisha kila kitu mahali pake. Kipimo cha kimataifa cha kinga za namna hii, ISO 1413, kinaiga saa kuanguka kutoka mita 1 juu ya mbao ngumu. Usukani wa baiskeli uko karibu urefu huo, lakini lami si mbao, na mwendesha baiskeli hadondoki tu, anarushwa. Kwa hiyo kinga ipo, ila usiitegemee kwa ajali.

Kabla ya kuanza kuivaa njiani, jua hali ya mafuta yake. Saa iliyokauka mafuta inakwenda kwa tabu, balansi yake haizunguki vya kutosha, na hapo kila shimo la barabarani linaonekana kwenye majira. Fanya hivi: tia ufunguo asubuhi mpaka ugome wenyewe (usiulazimishe), iweke kwa saa ya simu, kisha ilaze mezani uso ukitazama juu kwa saa 24. Andika imepotea au kuzidi kwa sekunde ngapi. Kesho yake tia ufunguo muda uleule, ivae siku nzima pamoja na safari zako mbili, andika tena. Saa ya zamani iliyo nzima huwa ndani ya nusu dakika kwa siku, na tofauti ya siku mbili hizo ni ya sekunde tu. Ukiona dakika, au ikisimama kabla ya kutimiza saa 30, usiivae kwenye baiskeli: ipeleke ikafunguliwe, ioshwe na kutiwa mafuta. Kama hakuna anayejua ilisafishwa lini, anza na kusafisha bila hata kupima. Baada ya hapo irudishe kila baada ya miaka 4 hadi 5.

Na upunguze upepo. Wengi hujaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe, wakidhani ndiyo wepesi. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 26 lenye upana wa 1.95, PSI 35 hadi 40 zinatosha kwenye vumbi. Mkono utashukuru kabla ya saa.

Saa yangu haina maandishi yoyote ya kinga. Nitajuaje kama inayo? – Wasomaji wawili, Dodoma na Machakos

Uso wa saa haukuhakikishii lolote, maana nyuso hubadilishwa. Mwambie fundi afungue mfuniko wa nyuma, mtazame pamoja katikati ya balansi. Kito kikiwa kimeshikwa na springi ya rangi ya dhahabu, yenye umbo la kinubi au ua dogo, kinga ipo. Kikiwa kimefunikwa na kibati kilichokazwa kwa skrubu mbili ndogo, hakuna kinga. Saa ya namna hiyo ivaliwe harusini, na siku ya baiskeli ibaki kabatini. Hapa hatuna la kulainisha: ekseli ya balansi ikivunjika, fundi lazima apate ileile ya mashine ileile au aichonge upya kwa mashine ya kukereza, na mafundi wa kuikereza wamebaki wachache.

Pini ya mkanda ilichomoka nikiwa njiani, saa ikaenda mtaroni. Niliipata. Nitumie mkanda gani isirudie? – Msomaji, Shinyanga

Hili ndilo swali tulilotaka waulize wengi zaidi. Saa nyingi za zamani zinazokufa kwenye baiskeli hazifi kwa mashimo. Zinakufa kwa pini ya springi iliyooza. Pini hiyo ni kijibomba chembamba chenye springi ndani. Jasho linaingia, chumvi inakaa, springi inakula kutu, na kwa nje huoni kitu. Siku moja ukibonyeza breki, ncha inajifyatua kutoka kwenye tundu la sikio la saa, yaani kile kichomozo kinachoshika mkanda.

Mkanda wa vipande viwili unategemea pini mbili, na ikichomoka moja tu saa imekwenda. Chukua mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ule uliotokana na mkanda wa jeshi la Uingereza wa mwaka 1973. Unapita juu ya pini ya kwanza, unakwenda chini ya mgongo wa saa, unatokea juu ya pini ya pili. Pini moja ikifa, saa inaning'inia kwenye nyingine na bado imo mkononi.

Pima kwa rula nafasi kati ya masikio mawili, kwa milimita. Saa nyingi za kiume za zamani ni 18. Zipo za 16 na za 19. Usinunue mkanda wa 20 kwa saa ya 18 ukiukunja kingo: nailoni iliyokunjwa inasukuma pini itoke. Nunua na pini mpya za upana uleule, uziweke, kisha uvute saa kwa nguvu ya kawaida huku umeishika juu ya kitanda. Ukisikia inacheza, tundu la sikio limepanuka. Tafuta pini yenye ncha nene zaidi. Pini zibadilishwe kila mwaka hata kama zinaonekana nzuri. Ni bei ndogo mno kulinganisha na saa yenyewe.

Mkanda wa ngozi ni mzuri ofisini. Kwenye jasho unalowa, unanuka, na unaishikiza chumvi kwenye bodi ya saa. Bodi nyingi za zamani ni shaba nyeupe au ya njano iliyopakwa kromiamu, na kromiamu ikitoboka, jasho linachimba vishimo visivyozibika. Nailoni ifue kwa sabuni kila wiki. Bodi ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kila jioni, hasa nyuma na kati ya masikio, palipo na ule uchafu wa kijani. Usiiweke chini ya bomba.

Kitufe cha ufunguo kinanichoma mgongo wa mkono nikishika usukani. – Msomaji, Kisumu

Hamisha saa sentimita 2 hadi 3 juu, upite ule mfupa wa kifundo, au ivae mkono wa kulia ili kitufe kitazame kiwiko. Ukiiacha ikuchome, si ngozi tu inayoumia: kila mkunjo wa mkono unakisukuma kitufe upande, na bomba lake na mpira wake vinaliwa mpaka maji yapate njia. Wanaouliza kuhusu kuivaa ndani ya mkono: inafaa kwenye usukani ulionyooka, haifai kama huwa unaegemeza mkono kwenye usukani wakati wa mlima, maana kioo kitasuguana na chuma.

Babu yangu aliacha saa ya West End Sowar. Namba zina rangi ya kahawia iliyokuwa ikiwaka gizani, sasa haiwaki, na vipande vidogo vimeanguka ndani ya kioo. Nataka kuivaa nikiendesha baiskeli jioni pwani. – Msomaji, Maskati

Usiivae kwenye baiskeli, na usiifungue.

Saa za West End ziliuzwa sana India na Ghuba, kwa hiyo tunajua zimo nyumba nyingi zenye moja kama hiyo. Rangi ya kuwaka gizani ya saa za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi ilikuwa na radiamu, metali inayotoa mionzi. Kutowaka kwake kunawadanganya watu. Kilichochoka ni ile kemikali inayogeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu yenyewe inahitaji karibu miaka 1,600 kupungua nusu. Ikikaa imefungwa ndani ya kioo kizima, hatari kwa mvaaji wa mara moja moja ni ndogo. Hatari kubwa ni vumbi lake kuvutwa puani au kumezwa, na hilo ndilo unalolitengeneza unapoitikisa barabarani: rangi iliyokauka inamenyeka, unga unaingia kwenye mashine, na kesho fundi anafungua mfuniko na kupuliza kwa mdomo kama alivyozoea.

Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, isikae chumba cha kulala. Ukiipeleka kwa fundi, neno la kwanza liwe hilo la radiamu, kabla hujaitoa mfukoni. Asiye na vifaa vya kuzuia vumbi aiache. Saa zilizofuata zilitumia tritiamu, nayo yenye mionzi, na nyingi zina herufi T karibu na neno la nchi chini ya namba 6. Hizo zimepoa sana kwa sasa, kwa kuwa tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo.

Tangu nifunge kishikilio cha simu kwenye usukani, saa yangu inazidi dakika 15 kwa siku. Fundi anasema imezeeka. – Msomaji, Nakuru

Uzee huichelewesha saa. Kuizidisha robo saa kwa ghafla si kawaida yake. Angalia kishikilio chako: kama simu inanasa yenyewe, kina sumaku kali, na kila ukiweka au kutoa simu mkono wa saa unapita juu yake kwa sentimita chache.

Ndani ya balansi kuna kamani ndogo, nyembamba, iliyozungushwa kama dawa ya mbu ya kuwasha. Ikishikwa na sumaku, mizunguko yake inagandana. Kamani inakuwa kama imefupishwa, balansi inapiga haraka zaidi, na saa inakimbia. Thibitisha kwa dira ndogo ya kawaida (si ya simu): isogeze saa taratibu juu yake. Sindano ikihama au kutetemeka, umepata jibu.

Tiba yake ni ya dakika moja, na fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku haifungui hata saa. Iwapo kifaa ni kile cha umeme chenye kitufe: saa inawekwa juu yake, kitufe kinabonyezwa, kisha huku kikiwa kimebonyezwa saa inainuliwa polepole mpaka nusu mita, ndipo kinaachiwa. Anayeachia kitufe saa ikiwa bado juu ya kifaa anairudishia sumaku, pengine zaidi ya ile ya mwanzo. Rudia mara mbili au tatu. Ikibaki inakimbia ilhali dira imetulia, kamani imepata mafuta au imepinda, na hapo kweli ni kazi ya mezani.

Badili kishikilio, chukua cha kubana kwa skrubu au raba. Spika za muziki za kufunga kwenye usukani nazo zina sumaku. Dainamo ya taa iliyo kwenye uma wa mbele haina shida kwa saa, kwa sababu nguvu ya sumaku inashuka upesi sana kadiri unavyokwenda mbali nayo.

Seiko 5 yangu ya otomatiki inasimama usiku ingawa nimeendesha saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. – Msomaji, Kigoma

Kwa sababu kuendesha si kutembea. Otomatiki inajazwa na rota, ile nusu duara nzito inayozunguka mkono unapobembea. Juu ya baiskeli mkono umeshika usukani. Rota inatetemeka kwa vipande vidogo, na vipande vidogo vinamezwa na nafasi iliyopo kati ya meno kabla ya kuifikia kamani kubwa, ile inayoiendesha saa. Ukiongeza kazi ya kukaa kwenye kiti siku nzima, saa inalala na njaa.

Matoleo mengi ya zamani ya Seiko 5 hayajazwi kwa kitufe hata ukikizungusha mpaka kesho. Kila asubuhi ishike uso juu, uibembeze kushoto na kulia kwa upole kwa sekunde 30, halafu fanya hivyo tena jioni. Usiitikise kama chupa ya dawa. Ikiwa umeivaa siku nzima ya kutembea na bado haifiki saa 30 mezani, tatizo ni mafuta au sehemu za kujazia. Ukisikia rota inakwaruza mfuniko, ivue siku hiyohiyo. Skrubu au beringi yake imelegea, na unga wa chuma unaokwaruzwa unaingia kwenye vito.

Nikiwa nimetoka juani na kunawa mikono, mvuke unaingia ndani ya kioo, baadaye unapotea. Nipuuze? – Msomaji, Unguja

Usipuuze hata kidogo. Mvuke ule haukuingia wakati huo, ulikuwa umo ndani. Maji ya baridi yamepoza kioo tu, nao ukaganda juu yake. Maana yake mipira ya mfuniko na kitufe imekufa, na hewa ya pwani inaingia na kutoka inavyotaka. Kama nyuma imeandikwa kuwa inazuia maji hadi mita 30, hayo yalikuwa kweli siku saa ilipotoka kiwandani. Baada ya miaka 40 au 50 mpira wa asili umekuwa mgumu kama biskuti.

Ipeleke kwa fundi leo au kesho, kwa kuwa kutu inaanzia kwenye skrubu na fito za chuma za kitufe, na ikishaanza haingoji. Kama fundi yuko mbali, vuta kitufe nje, iweke saa ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele hausaidii, unaongeza unga. Jua kali na pasi ndiyo mabaya zaidi, yanaharibu rangi ya uso. Baada ya mipira mipya bado ihesabu kuwa saa ya manyunyu. Mvua kubwa ikikukuta njiani, ivue, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke mfuko wa ndani.

Kioo kimejaa mikwaruzo. Kinasuguliwa? – Msomaji, Morogoro

Kama ni cha plastiki, ndiyo. Kigonge kwa kucha: plastiki inatoa sauti nzito na si baridi shavuni. Bandika utepe wa karatasi kuzunguka bodi, weka tone la dawa ya meno nyeupe isiyo na chembe kubwa, sugua kwa pamba kwa duara ndogo dakika 3 hadi 5, pangusa, rudia. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha unahitaji msasa wa maji namba 2000 kwanza. Kioo cha madini hakiondoki mikwaruzo kwa njia hii. Ufa, hata mdogo kama uzi, haupigwi msasa. Badilisha kioo, maana ni mlango wa maji.

Nimeanguka. Mimi mzima, saa bado inatembea. Nifanye nini? – Msomaji, Arusha

Pole. Usiitikise kuijaribu. Iweke sikioni uso ukitazama juu, halafu uso chini, halafu kitufe kikiwa chini, nusu dakika kila mkao. Ikipiga vizuri upande mmoja na kudhoofika au kusimama upande mwingine, ncha moja ya ekseli imepinda au imekatika, na kadiri inavyoendelea kutembea hivyo inachimba tundu la kito. Vuta kitufe isimame kama ina breki ya sekunde. Kama haina, iache iishe ufunguo na usitie tena.

Ikipiga sawa pande zote, tazama mishale kwa ubavu ikipita juu ya namba 12: imegusana? Kisha ipime saa 24 mezani kama tulivyomweleza msomaji wa Tanga. Ikizidi kwa dakika nyingi ghafla, mizunguko ya kamani ndogo imepandana kwa pigo. Mwambie fundi kwamba ulianguka, na ulianguka upande gani. Asipoambiwa ataiosha na kuitia mafuta, atakurudishia, na ndani ya wiki utarudi kwake na ugonjwa uleule.